Wali wa Kubakisha

Wiki iliyopita nilivunja bakuli la Bi Fumi. Nilikuwa kwa Mama, naosha vyombo vya mchana wa Jumapili, mikono imejaa povu na akili iko kwingine, likaniponyoka likaangukia sinkini. Lilikuwa bakuli dogo la samawati, la kukaa kiganjani, na ndani chini kabisa walichorwa samaki wawili ambao huwaoni mpaka wali uishe. Lilipasuka vipande vitatu. Nikasimama pale nikingoja kukaripiwa, mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili. Mama akaja, akachungulia, akauliza, "Lilikuwa na wali ndani?"

"Hapana, tupu."

"Basi hakijaharibika kitu," akasema, akaenda kutafuta gazeti la kufungia vipande.

Mtu wa nje angesikia angedhani bibi wa watu ameanza kupotewa. Mimi nilicheka, kisha nikalia, kisha nikapenga kamasi nikamalizia vyombo. Nyinyi wa rika langu, mliokulia huku kwa wazazi wa pwani, mkisemeshwa kwa Kiswahili mnajibu kwa Kiingereza, huenda mkanielewa. Tulilelewa kwa adabu ambazo hatukuambiwa sababu zake. Tuliambiwa fanya hivi, usifanye vile, na mkono wa kufinya haukuwa mbali.

Tulikaa Gaithersburg, Marekani, ghorofa ya pili ya jengo la matofali mekundu, mahali ambapo ukifungua dirisha la jikoni unasikia magari ya barabara kuu ya 270 yakivuma mchana kutwa. Baba, mtu wa Mombasa, alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Mama, mtu wa Tanga, alikuwa fundi wa maabara kwenye kampuni ya dawa, kwa mkataba wa muda. Kila mkataba ule ulipokaribia kwisha, nyumba nzima tulipunguza sauti. Miaka minne alikuwa akiwafundisha kazi vijana wapya, halafu wao ndio wanaajiriwa moja kwa moja na yeye anabaki palepale.

Siku moja akaingia na viatu mpaka jikoni, jambo ambalo halijawahi kutokea kwetu. "Wame-confirm," akamwambia Baba. "Nakwenda Japani mimi. Wiki mbili."

Kampuni ilikuwa inanunua mashine mpya kutoka huko, na mtu mmoja alitakiwa aende kujifunza kuitumia. Atakayerudi anaijua ndiye atakayekabidhiwa, na hakuna anayemkabidhi mashine kama ile mtu wa mkataba wa muda. Kwa hiyo safari ile ndiyo ilikuwa ajira yenyewe. Ila kulikuwa na mlima katikati. Mkuu wake wa kazi alimdokeza kwamba mzee mwenye kiwanda cha mashine hizo hana haja ya kumuuliza mgeni maswali.

"Anakualika kwake," Mama akasema. "Chakula cha asili cha Kijapani, mnakaa chini, mnakula kwa vijiti. Anakutazama tu unavyokula. Kesho yake anaamua kama atakupa mashine uishike au utaitazama kwa mbali. Yule aliyetangulia karudi hajagusa hata kitufe."

Baba akacheka. "Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wacha woga, mke wangu."

"Nitalivunja. Nani wa kunionyesha linavyovunjwa?"

Baba akaelekeza kidevu sakafuni. Chini yetu alikaa mjane wa Kijapani, mwembamba, mwenye nywele fupi nyeupe, aliyeletwa Marekani ujanani na mumewe mwanajeshi, na mume akamwacha peke yake kwa kifo. Tulijuana kwa salamu za ngazini tu. Jina lake Fumiko. Mama alinikataza kulitaja jina la mtu mzima hivi hivi kavu, nikamwekea "Bi" mbele, Baba naye akalikata mkia, akawa Bi Fumi mpaka alipotutoka mimi nikiwa chuoni.

Alikubali kufundisha kabla Mama hajamaliza kuomba. Mama naye akaweka sharti lake, maana hawezi kula kwa mtu bila kumlisha. Kila Jumamosi tutashuka sisi, kila Jumapili atapanda yeye. Zilibaki wiki tano.

Swali la kwanza la Mama halikuwa la vijiti. "Nasikia mnatia pombe kwenye mchuzi," alisema, kwa kile Kiingereza chake cha taratibu alichokitumia na watu aliowaheshimu. Bi Fumi akavaa miwani, akafungua kabati, akasoma chupa moja baada ya nyingine na kuziweka kando zote zenye pombe. Kisha akaandika kadi kwa maandishi yao, ya kwamba mwenye kadi hii hali nguruwe wala chenye pombe, na anaomba radhi kwa usumbufu. Mstari wa radhi ulikuwa mrefu kuliko mingine yote. "Wape siku mbili kabla," akasema. "Usisubiri mpaka mezani. Mezani utawaaibisha."

Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na kazi pale zaidi ya kutazama, nikatazama kwa macho yote. Meza yake ilikuwa fupi, ya kufika magotini. Bi Fumi alikwenda kumtafutia Mama kiti, kwa sababu wageni wengi, alisema, miguu huwashinda. Aliporudi alimkuta Mama amekwishakaa, amekalia visigino, mgongo wima, mikono juu ya mapaja. Bi Fumi akasimama na kiti mkononi.

"Nani kakufundisha kukaa hivyo?"

"Mama yangu," Mama akajibu. "Nakaa hivi mara tano kwa siku."

Nilijivuna siku ile, maana mkao wa tahiyatu nilikuwa naufahamu hata mimi, na sikuwa nimewahi kuona kitu chetu kikimshangaza mtu namna ile. Kililetwa kitambaa cha maji moto kimekunjwa. Cha mikono tu, tukaambiwa, kisiguse uso. Mama akafuta mikono, akageuka kutafuta birika na beseni la kunawia, hakuna, akajikaza. Kisha Bi Fumi akaunganisha viganja, akainamisha kichwa na kusema neno. Mama akaniangalia. Nikajua anawaza kama ile ni ibada.

"Unamwambia nani?" nikauliza.

"Samaki," Bi Fumi akasema. "Na aliyemvua. Na aliyepika."

"Na ukila peke yako?"

Akafikiri kidogo. "Hasa nikiwa peke yangu."

Mama akasema bismillahi yake kwa ndani, kisha akalisema na lile neno kwa nje, na kila mmoja akaridhika. Lililotutoa jasho lilikuwa mkono wa kushoto. Kwao bakuli la wali huinuliwa kwa mkono wa kushoto likasogezwa karibu na kifua, na kuuficha mkono huo chini ya meza ni utovu wa adabu. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake za chooni, na mezani haujulikani. Mama aliuinua wake kwa shida, akaushusha, akauinua tena. Mwisho akajipatia fatwa yake mwenyewe. "Umeshika chombo," akaniambia kwa Kiswahili. "Haujashika chakula." Kuanzia hapo ukawa mwepesi.

Tulijifunza kutochomeka vijiti wima kwenye wali, kwa kuwa hivyo hufanyiwa maiti, na kutopokezana mnofu kijiti kwa kijiti, kwa kuwa hivyo hupokezanwa mifupa ya maiti. Tulijifunza kuvuta tambi za mchuzi kwa sauti. Hilo ndilo nililipenda, kwa sababu nyumbani ukinywa uji kwa sauti unaulizwa kama umelelewa na paka. Mama alifumba macho akavuta tambi kama anayekunywa dawa, Bi Fumi akapiga makofi.

Jambo moja niliwahi kuligundua mapema. Bi Fumi hakumsahihisha mtu akishakosea. Alisema kabla, tena kwa kupitia mbali: "Watu wengine huwa..." Kosa likishatendeka alinyamaza, akatazama dirishani. Mara ya kwanza Mama alipochukua chupa ndogo ya mchuzi mweusi wa soya na kuumwagia wali mweupe, kama mtu yeyote mwenye akili anavyoutia wali mchuzi, Bi Fumi alitazama dirishani muda mrefu sana. Nikageuka nione kuna nini nje. Kulikuwa na theluji na gari la Baba.

Na mwisho wa kila chakula Mama alibakisha wali kidogo. Hilo lilikuwa letu, hakulijifunza kule. Ukila kwa watu hukombi sahani, ukaonekana mroho au ukaonekana hujashiba. Unaacha tonge moja, ndicho tunachokiita cha adabu, mwenyeji ajue ametosheleza. Nyumbani ni kumaliza, kwa sunna, lakini ugenini ni kubakisha, kwa haya. Mimi vijiti vilinichezesha, nikazifukuza punje moja moja mpaka bakuli likawa tupu, na chini nikawakuta samaki wawili wa rangi nyeusi wananitazama. Furaha yangu ilikatwa na vidole vya Mama kwenye paja. Alinifinya nikaona nyota.

Tulipokuwa tunapanda ngazi nikamuuliza, "Uliwaona samaki?"

"Samaki gani?" akasema. Bakuli lake nalo lilikuwa na samaki na yeye hakuwahi kuwaona, kwa kuwa siku zote aliwaacha wamefunikwa.

Jumapili ilikuwa zamu yetu. Mama alipika pilau ya nyama kwa bizari nzima, harufu ikashuka ngazi kabla ya mwaliko. Bi Fumi alipanda amebeba machungwa madogo matatu kwenye kitambaa. Alipakuliwa sahani ya kumtosha Baba. Akala kimya, kwa utaratibu, punje baada ya punje, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Mama akaiona sahani nyeupe akaruka. "Jamani mgeni hajashiba!" Akajaza tena. Bi Fumi akainama kushukuru, akala, akamaliza. Mama akajaza tena. Nilihesabu sahani tatu. Baba aliacha kula akawa anatazama.

"Huyu mama yuwala!" akanong'ona kwa Kiswahili, mgeni alipokwenda kunawa. "Mwili kama kijiti, yuwatia wapi?"

"Ebu mwache mgeni ale," Mama akasema, lakini alikuwa anameremeta. Hakuna mpishi wa Tanga asiyependa kuona sahani ikirudi mara tatu.

Jumapili ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Sasa mimi, mpelelezi wa miaka tisa, nikaziweka hoja zangu pamoja. Mwanamke huyu kwake ana bakuli la kiganjani. Samaki wake ni wa ukubwa wa kidole. Friji yake niliichungulia, ilikuwa na mayai manne, figili moja na vikopo. Na akija kwetu anakula kama watu watatu. Nikahukumu kwamba Bi Fumi anakufa kwa njaa, ana haya ya kusema, na anatumia chakula chake kidogo kumfundisha mama yangu adabu. Huruma ilinijaa mpaka nikashindwa kulala usiku.

Nikaanza kuiba. Kila nikitoka shule, Mama hajarudi kutoka kazini na Baba amelala kwa sababu ya zamu ya usiku, nilichota wali au pilau au ndizi za nazi kutoka kwenye vyungu vya friji, nikajaza kopo la plastiki mpaka kifuniko kikagoma, nikashuka. "Mama kasema upokee," nilimwambia. Uongo wa kwanza ni mzito, wa nne unateleza. Bi Fumi alipokea kwa mikono miwili. Kesho yake kopo lilirudi limeoshwa likang'aa, na ndani chungwa moja au karatasi aliyoikunja ikawa ndege. Kwao pia chombo hakirudi kitupu. Nami nililiona kopo jeupe lile nikasema moyoni, maskini, kala yote, nikaongeza kesho yake.

Jumamosi ya nne wali wake ulikuwa umenyunyiziwa ufuta. Ile ya tatu ulikuwa wa mfuko mwingine, niliuona mfuko mpya jikoni. Mama akala kwa ustadi wa kutisha, mkono wa kushoto umeinua bakuli, mgongo wima, akabakisha tonge lake. Bi Fumi akatazama dirishani.

Jumapili yake hakupanda. Alituma ujumbe kwa simu kwamba ana mafua. Jumatatu niligonga na kopo langu, kimya. Jumanne nikagonga tena, nikasikia miguu ikiburutwa. Alifungua nusu mlango. Alikuwa na rangi ya karatasi, mkono mmoja tumboni, na nyuma yake juu ya meza ile fupi niliyaona makopo yangu matatu ya mwisho yamepangwa mstari. Mawili yalikuwa tupu. La tatu lilikuwa nusu, na kijiko ndani.

"Bado sijamaliza," akasema, na akainamisha kichwa, mimi wa kuinamiwa kichwa! "Niwie radhi. Kesho nitamaliza."

Sikuelewa. "Unaumwa tumbo?"

"Kidogo."

"Basi kwa nini usitupe?"

Alinitazama kama niliyemtukania mzazi. Kisha akafungua mlango wote akaniingiza, akakaa chini polepole, akaniambia. Alipokuwa mdogo kuliko mimi, vita vimekwisha na mji wao umeungua, mama yake alikuwa akigawa wali kwa kuhesabu vijiko. Punje ikianguka sakafuni, inaokotwa. Watoto waliambiwa anayeacha punje bakulini atapofuka macho. Yeye hakuwahi kuacha hata moja, tangu hapo mpaka leo. "Mama yako ni mkarimu sana," akasema. "Nikimaliza anaongeza. Nikimaliza anaongeza. Nami siwezi kumrudishia wali wake. Nikajiambia, wiki tano, Fumiko, ni wiki tano tu."

"Lakini ukimaliza lazima ataongeza!" nikapiga kelele. "Ukimaliza maana yake hujashiba! Unatakiwa uache kidogo!"

"Nani kasema?"

"Kila mtu!"

Uso wake ukabadilika, si wa mgonjwa tena, wa mtu anayetafuta kitu mfukoni akakigusa. "Mama yako," akasema taratibu, "akiacha wali hapa kwangu... ni kwa kuwa ameshiba?"

"Ndiyo. Ni adabu. Mimi nilipomaliza alinifinya." Nikamwonyesha paja.

Bi Fumi akajifunika uso kwa viganja viwili. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Tangu mumewe afe, aliniambia, hakuwa amempikia mtu. Kila Jumamosi aliona wali wake umeachwa akajua umeharibika, au umemshinda mgeni. Alibadilisha mchele mara mbili. Alitia ufuta. Hakuweza kumwambia Mama kwamba kwa yule mzee wa kiwanda hilo ndilo kosa lisilosameheka, kwa sababu kumwambia ni kumwambia: umetukana chakula changu.

Nilipanda zile ngazi mbili mbili. Safari ilikuwa Jumatatu ijayo. Mama alipoingia kutoka kazini nilimmwagia yote kwa pamoja, kwa Kiingereza, kwa kwikwi, na wizi ndani yake. Alilazimika kunikalisha nianze upya. Nilipofika kwenye "atapofuka macho" alishika ukingo wa meza.

"Nimemlisha mtu mzima kama nanenepesha bata," akasema.

"Sahani tatu," Baba akasema kutoka kwenye kochi. "Na huyu naye amtilia juu kwa kopo. Mwataka kuua mja wa Mungu nyinyi."

"Nyamaza wewe! Na mimi ningekwenda kule Japani, mbele ya yule mzee, nikambakishia wali wake. Kwa adabu!" Akanitazama. Nilingoja mkono. Badala yake akauliza, "Hao samaki wako wapi kwenye bakuli?"

"Chini kabisa. Mpaka umalize."

Aliteremka na birika la chai ya tangawizi na mimi nyuma yake. Nimeona watu wakigombana maishani mwangu, lakini sijaona ugomvi kama ule, wanawake wawili kila mmoja anataka kosa liwe lake. Bi Fumi aliinama mpaka paji likagusa mkeka. Mama alimshika mabega akisema simama mama, simama, mimi ndiye mkosaji. Ilipotulia, Mama akakaa mkao wake.

"Haya. Kuna jingine hujaniambia?"

Bi Fumi akatazama dirishani.

"Bi Fumi!"

"Watu wengine," akasema, "hawamwagii wali mchuzi wa soya."

Mama alimweleza naye cha adabu kilikotoka, na mimi nikakisikia kwa mara ya kwanza. Nyumbani kwao Tanga wageni walikula kwanza, na watoto walisubiri nyuma ya mlango wakichungulia sinia. Mgeni akikomba, watoto wanalala na chai. Tonge lile si la haya wala la kujionyesha, Mama alisema, ni la aliyeko nyuma ya mlango. Bi Fumi alisikiliza bila kupepesa. "Kumbe hakitupwi," akasema.

"Kitupwe!" Mama akasema, kwa mshangao uleule niliouona kwa Bi Fumi mchana.

Jumamosi ya mwisho Mama alikula wali wake wote. Vijiti vilisaka punje mpaka ya mwisho, na nilimwona anapoinamisha bakuli na kuwakuta wale samaki. Alikaa akiwatazama. Bi Fumi hakulichukua tena bakuli lile. Alilifunga kwa kitambaa akampa, ajifunzie njiani.

Alikwenda. Kwa siku nane tulipata simu mbili fupi, na Baba alikwangua kadi ya simu akakosea namba akalaani serikali zote mbili. Siku ya tisa simu ikalia asubuhi nikiwa navaa soksi. Sauti ilikuwa mbali, inakuja kwa mawimbi. Sikumwuliza kama hajambo.

"Uliwaona samaki?"

"Hawakuwa samaki, mwanangu," akasema. "La huku lina ua jekundu." Kisha akacheka peke yake, kicheko ambacho sikuwa nakijua. "Mwambie baba yako leo nimeishika ile mashine. Kutwa nzima."

Jumapili baada ya kurudi, mkataba wa muda ukiwa umechanwa na ajira imetiwa saini, Mama alipika pilau. Bi Fumi alipanda, amepona, ameleta machungwa yake. Alipakuliwa sahani ya kadiri. Sote tulijifanya hatumtazami. Alikula kwa utaratibu wake uleule, mpaka alipofika karibu na mwisho, akakoma.

Alisogeza pilau kidogo pembeni kwa kijiko, ikawa kichuguu cha tonge moja. Mkono ulikuwa mzito, kama wa Mama siku ile ya bakuli. Akalaza kijiko. Miaka sitini na zaidi hakuwa ameacha punje. Mama alikuwa ameshika upawa juu ya chungu, akautazama, akautua.

"Umeshiba?" akamuuliza.

"Nimeshiba," Bi Fumi akasema, lakini macho hakuweza kuyaondoa kwenye kile kichuguu. Akayainua kwa shida, akanitafuta. "Kuna mtoto nyuma ya mlango?"

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake pale pale, nimeshiba mpaka shingoni. Nikainuka, nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni mpaka Mama aliponiita. Nikaja, nikaivuta sahani ya Bi Fumi mbele yangu, nikala kwa mkono, punje baada ya punje, mpaka ikabaki nyeupe. Nikaiinua nikamwonyesha.

Mama hakunifinya.